Binti yangu ni kiziwi: nimfundishe lugha ya alama ya dunia au ya Tanzania?

"Habari mtaalamu. Nina binti wa miaka 8. Alizaliwa akisikia, ila akiwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo na tangu hapo hasikii kabisa. Yuko darasa la pili katika shule ya viziwi, anakaa bweni, na likizo anarudi nyumbani Tanga. Kaka yangu anaishi Ujerumani. Amenipigia simu akasema tunampotezea mtoto muda kwa alama za Kitanzania, kwa sababu akitoka nje ya nchi hataelewana na mtu. Anasema ipo lugha ya alama ya kimataifa wanayoitumia mabubu wote duniani, na amempata mtu Dar anayeifundisha kwa simu kwa shilingi 300,000 pamoja na cheti. Mimi mwenyewe naongea na mwanangu kwa alama chache tu za nyumbani: kula, oga, lala, njoo, acha. Je, nilipe? Na hizo alama za shuleni hazitamharibia Kiswahili cha kuandika?"

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kutoa hela. Jibu langu ni kwamba usilipe. Kaka yako anampenda mpwa wake na anamwazia makubwa, na hilo ni jema. Ila alichoambiwa kimechanganya mambo, na naomba univumilie nikieleze taratibu, kwa sababu ndani ya barua yako kuna jambo linalonigusa zaidi ya hilo la ada, nalo nitalifikia.

Kwanza neno moja. Binti yako si bubu, ni kiziwi. Viziwi wenyewe wanalitaka neno "kiziwi" na wanalikataa "bubu", kwa sababu bubu ni mtu asiyeweza kusema, na wao wana lugha kamili mikononi. Mwambie na kaka yako. Halitagharimu kitu, na siku moja mtoto atasoma midomo yenu mkilitamka.

Sasa hili la lugha moja ya dunia. Watu wengi wanaosikia hudhani alama ni picha za hewani, kwa hiyo kila kiziwi atamwelewa mwenzake popote. Umoja wa Mataifa unataja viziwi zaidi ya milioni 70 duniani na lugha za alama zaidi ya 300. Chukua mti. Kiziwi wa Marekani husimamisha mkono wake, kiwiko kikikaa juu ya kiganja cha mkono wa pili, akatikisa vidole kama matawi. Wa Denmark huchora umbo kwa mikono miwili, kwanza kilele cha duara kisha shina likishuka. Wa China hushika shina, vidole vikiwa nusu duara, akapandisha mikono juu. Wote watatu wameutazama mti ule ule, kila mmoja akachagua sehemu yake. Ukishaambiwa "huo ni mti" utasema kumbe ni wazi kabisa, lakini kabla ya kuambiwa usingejua.

Wala lugha hizi hazifuati mipaka ya lugha za mdomo. Uingereza na Marekani wanazungumza Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani. Lugha ya alama ya Marekani iko karibu zaidi na ya Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, ndiye aliyeshiriki kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford, Marekani, mwaka 1817. Hata hapa kwetu, ukitoka Tanga ukavuka Horohoro hadi Mombasa, Kiswahili ni kile kile, lakini viziwi wa huku wana Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, na wa kule wana ya Kenya. Hizo ni lugha mbili, ingawa zipo alama zinazofanana. Kwa mtoto wako, tofauti ya kesho asubuhi ni hiyo ya Mombasa kabla ya hiyo ya Ujerumani.

LAT nayo imetoka mbali. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianza Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikafuata mwaka 1974, kisha nyingine. Watoto walipokutana bwenini walijitengenezea njia ya kuzungumza, kila shule na alama zake, ndiyo maana hadi leo mzee aliyesoma shule moja anaweza kukuonyesha alama asiyoijua aliyesoma nyingine. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimefanya kazi kubwa ya kuzikusanya na kuzitambulisha kama lugha ya taifa zima. Hizo ndizo "alama za Kitanzania" anazozungumzia kaka yako. Ni lugha yenye sarufi, utani, matusi na mashairi.

Lakini kaka yako hakubuni. Kipo kitu kinachoitwa Alama za Kimataifa, na nimekiona kikifanya kazi. Viziwi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakikutana muda mrefu: michezo yao ya dunia, inayoitwa Deaflympics, ilianza Paris mwaka 1924, na ya mwaka 2025 ilifanyika Tokyo. Shirikisho la Viziwi Duniani liliundwa Roma tarehe 23 Septemba 1951, na ndiyo sababu tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama. Penye mikutano ya namna hiyo watu hutafuta namna ya kuelewana. Mwaka 1975 Shirikisho lilitoa kitabu cha alama karibu 1,500, kikaitwa Gestuno, likitumaini viziwi wote watajifunza humo. Hakikushika. Kilikuwa orodha ya maneno bila sarufi, na lugha haiishi kwa orodha. Kinachotumika leo ni kitu kingine, kilichokua chenyewe kati ya watu, na hubadilika kidogo kulingana na nani amekaa mbele yako.

Nikuonyeshe kinavyoanza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani kwenye kambi ya vijana viziwi. Msichana mmoja wa Pangani alikaa chini ya mti na kijana kutoka Japani. Hawakuwa na alama ya pamoja hata moja, na mimi sikuwa na la kutafsiri, nikakaa kutazama. Msichana alitaka kumweleza pweza. Alikunja ngumi ya kushoto ikawa mwamba, akaacha tundu. Vidole vya mkono wa kulia vikaning'inia, vikachezacheza, vikaingia tunduni. Kisha akainuka akawa mvuvi mwenyewe: ameinama, amekunja uso kwa jua, amechoma mkuki, amevuta. Akamnyanyua pweza kwa mikono miwili, mzito, akampiga juu ya jiwe, na tena, na tena. Kijana akainua nyusi. Akarudia kile kipigo, kisha akapitisha kidole shingoni: unamuua? Msichana akatikisa kichwa. Akamlegeza pweza mkononi kuonyesha ameshakufa, akamega kipande akatafuna: taya zikagoma, uso ukakunjamana. Akampiga tena pweza wake juu ya jiwe, akamega tena, na safari hii akafumba macho kwa utamu. Kijana akajipiga paja. Kuanzia saa ile, vidole vinavyoning'inia na pigo moja vikawa ndiyo "pweza" kati yao hadi kambi inavunjwa.

Angalia alichofanya. Aliyapanga mambo hewani, mwamba huku, pweza kule, na hakuna kilichohama mahali pake. Aliingia ndani ya mvuvi kwa mwili na uso, akatoka. Kila hatua alimtazama mwenzake kuona kama yupo naye, na alipoeleweka vibaya alirudi nyuma akajaribu njia nyingine. Hakutumia tahajia ya vidole, yaani kutaja neno herufi moja moja kwa vidole, hakuchezesha midomo kwa maneno ya Kiswahili, kwa sababu alijua havitamfaa yule. Kutumia nafasi, kuvaa uhusika, nyusi zinazouliza, macho yanayoelekeza ni vitu vinavyopatikana karibu katika kila lugha ya alama duniani, hata maneno yakitofautiana. Ndiyo maana viziwi wawili wa mabara tofauti huelewana kwa haraka ambayo mimi na Mjapani anayesikia hatutaifikia kamwe.

Jioni yake niliona na mipaka. Msichana yule yule alitaka kueleza kikoba cha mama yake. Sanduku, kufuli tatu, kina mama wamekaa duara, kila mmoja anatoa hela: hayo yalipita bila shida. Akafika kwenye riba. Aliandika mchangani 10,000, akafuta, akaandika 11,000. Kijana akadhani ni faini. Akadhani tena ni zawadi. Chai ilipoa, na sina hakika hadi leo kama waliafikiana. Vitu vinavyoonekana vinasafiri vizuri. Sheria, kodi, utambuzi wa ugonjwa, dhana za darasani vinakwama, isipokuwa wote wawili wana uzoefu wa miaka.

Wale wenye uzoefu wanazo pia alama zilizozoeleka mikutanoni, na nyingi zimetoka Ulaya na Marekani. Mtanzania akifika mara ya kwanza hukuta wenzake wa Ulaya wameshatangulia. Na yapo mambo ya kuchunga: herufi T ya Marekani, kidole gumba kikichungulia kati ya cha shahada na cha kati, ni tusi Uturuki, hivyo kwenye mikutano hutumika umbo jingine. Nchini Japani, kidole cha kati kilichoinuliwa ndicho "kaka mkubwa", na hakuna anayetukanwa.

Sasa nirudi kwa binti yako. Yule wa Pangani aliweza yote hayo kwa sababu alikuwa na LAT imara. Alijua kusimulia, alijua kuuliza, alijua kwamba jambo moja lina njia nyingi za kusemwa. Hayo aliyapata kwenye lugha aliyokua nayo, akayabeba kambini. Alama za Kimataifa ni ujuzi unaojengwa juu ya lugha, na hazina jamii inayoamka nazo asubuhi, inayogombana kwazo na kubembeleza watoto kwazo. Huwezi kumpa mtoto wa miaka 8 kiwe kitu cha kwanza. Ni kama kumfundisha mtoto kupiga mbizi kabla hajajua kuelea.

Muda nao una mkono wake hapa. Akili ya mtoto hupokea lugha kwa urahisi miaka ya mwanzo, iwe ya sikio au ya jicho, na mlango huo hufungwa polepole. Nicaragua ilituonyesha hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viziwi walikusanywa kwa mara ya kwanza katika shule za Managua, kila mmoja akitoka kwao na alama zake za nyumbani tu. Walipokaa pamoja wakaanzisha lugha mpya. Walioingia wakiwa wadogo waliichukua wakaifanya tajiri kuliko walivyoikuta. Walioingia wakubwa walibaki nyuma, na pengo lao lilionekana hata utu uzimani. Binti yako ana miaka 8, na tangu alipokuwa na miwili hadi alipofika shuleni amekuwa, kwa lugha, karibu na njaa. Sasa ameanza kushiba, na hapo ndipo anatokea mtu wa kumbadilishia sahani.

Kuhusu Kiswahili cha kuandika, ondoa hofu. LAT si Kiswahili kilichowekwa mikononi. Ina mpangilio wake. Ndiyo maana mtoto kiziwi anapoandika hukosea kama mtu yeyote anayejifunza lugha ya pili: anaacha viambishi, anageuza mpangilio. Mwalimu anayejua alama humweleza sentensi ya Kiswahili kwa LAT, na hapo anaelewa. Asiye na lugha ya alama hana cha kuelezewa nacho. Na kusoma na kuandika ndiko kutakakomfikisha mbali zaidi kuliko cheti chochote: ujumbe wa simu, fomu ya benki, maelezo ya dawa, baadaye Kiingereza. Nawajua viziwi wanaofanya biashara na watu wa nje kwa kuandika tu.

Huenda kaka yako atauliza, basi kwa nini si lugha ya alama ya Marekani? Ni swali la haki. Imeenea Afrika kuliko wengi wanavyojua, kwa kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi kiziwi, wa kwanza wa asili yake kuhitimu Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kule Marekani, mwaka 1954, aliyeanzisha shule zaidi ya 30 barani kwetu hadi alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Ina video nyingi mtandaoni, na atakayesoma Gallaudet ataihitaji. Binti yako akifika sekondari na akaipenda, mwache aichukue kama lugha ya ziada. Akiichukua sasa, ataizungumza na nani huko nyumbani?

Na hicho cheti: Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha kimataifa cha wakalimani wa lugha za alama wanao utaratibu wa kuwapima na kuwathibitisha wakalimani wa Alama za Kimataifa. Ni watu wazima, wakalimani wenye miaka ya kazi, na orodha yao ni fupi. Cheti cha mtoto wa darasa la pili kinachotolewa kwa simu hakitambuliwi popote. Simtuhumu huyo mtu wa Dar kwa nia mbaya, ila anauza kitu ambacho mtoto hakihitaji.

Atajifunza lini basi? Akiwa kijana, kwa kukutana na watu. Michezo, kambi, mikutano, simu za video na viziwi wa Mombasa, Kampala, Kigali. Shirikisho hutoa pia taarifa zake kwa video, na kijana mwenye LAT nzuri akizitazama mara kwa mara huanza kushika. Wengi huniambia wiki ya kwanza kichwa kinauma, wiki ya pili wanacheka na wenzao.

Nimefika kwenye lile lililonigusa. Uliandika alama unazozijua: kula, oga, lala, njoo, acha. Mama, zote ni amri. Hakuna "umeota nini", hakuna "nani kakuudhi", hakuna "samahani". Sikulaumu hata kidogo. Marekani, ambako wamehesabu, zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia, na hapa kwetu hakuna anayemkalisha mzazi hospitalini akamwambia "nenda kajifunze lugha hii". Lakini kaka yako ana hofu kwamba mtoto hataelewana na Mjerumani, na mimi hofu yangu ni likizo ya Desemba, akiwa sebuleni kwenu, wote mnacheka, yeye anatazama midomo.

Kwa hiyo hiyo laki tatu ielekezeni huko. Ulizeni tawi la CHAVITA lililo karibu, au shule yenyewe, kama kuna mafunzo ya LAT kwa wazazi. Kama hakuna, mtafuteni kiziwi mtu mzima anayejua kufundisha, mkubaliane aje nyumbani mara mbili kwa wiki wakati wa likizo, na mumlipe kama mwalimu mwingine yeyote. Akae na ninyi wote, pamoja na kaka na dada zake na bibi. Faida yake ya pili ni kwamba mtoto atamwona kiziwi aliyekua, ana kazi, ana familia. Watoto wengi viziwi wasiowahi kumwona mtu mzima kiziwi hudhani wakikua wataanza kusikia. Nimeulizwa hivyo na mtoto wa miaka 9, na sikusahau. Na kaka yako asiachwe nje. Akiwa Ujerumani anaweza kujifunza LAT kwa simu ya video, mwalimu wake akiwa ni mpwa wake. Nadhani ndicho alichokuwa anakitafuta.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyapima kwa barua, na yanahitaji mtu wa kumwona mtoto. Msimamishe mwalimu wake wa darasa umuulize: je, anaweza kusimulia jana ilikuwaje, kwa mpangilio, kwa LAT? Anajibu "kwa nini" na "lini", au anarudia tu swali? Kama katika miaka 8 bado hawezi, omba apimwe lugha na matumizi ya akili na watu wanaojua alama, msisubiri mwaka mwingine. Kama hajapimwa masikio tangu alipougua, mpelekeni kwa daktari wa masikio. Homa ya uti wa mgongo inaweza pia kugusa mizani ya mwili na macho, na kwa kiziwi jicho ni kila kitu. Na kama akirudi likizo amebadilika, anajikojolea, anaogopa mtu fulani au anakataa kurudi bweni, nenda haraka kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, ukiomba mkalimani ambaye si ndugu. Mtoto asiye na lugha ya kusema lililompata ndiye anayewindwa.

Kwa kuanzia, usingoje mwalimu. Viziwi hupeana majina ya alama, mara nyingi kwa kitu kilichoonekana kwa mtu: kovu, tabasamu, namna anavyoshika nywele. Binti yako karibu hakika analo alilopewa na wenzake bwenini. Akirudi, mnyooshee kidole, kisha inua mabega na nyusi kuuliza. Atakuonyesha. Lirudie hadi atakapokubali umelipata, kisha mwombe akupe na wewe lako.